Kwenda Si Kurudi: Safari ya Angani kati ya Delhi na Tokyo

Ndege inaondoka Delhi saa 2 usiku na kutua Tokyo saa 1 asubuhi. Abiria anayehesabu kwa vidole anapata saa 11. Wiki ya pili anaondoka Tokyo saa 5 asubuhi na kushuka Delhi saa 11 jioni ya siku ileile. Anahesabu tena, anapata saa 6. Akifika kwake atawaambia watu kwamba Tokyo kwenda ni mbali, kurudi ni karibu. Kumbe ni kinyume chake. Wakati wa kwenda alikaa hewani saa 7 na nusu hivi, na wakati wa kurudi alikaa saa 9 na nusu. Saa ya Tokyo iko mbele ya saa ya Delhi kwa saa 3 na dakika 30, na pengo hilo ndilo lililomchezea.

Mfano huu ni wa majira ya baridi, lakini ratiba za safari hii husema jambo hilohilo mwaka mzima, zikitofautiana kwa kiasi tu: kwenda mashariki ni haraka, kurudi magharibi ni polepole. Ndege ni aina ileile, injini ni zilezile, na umbali haukubadilika usiku mmoja. Zile saa mbili zinapotelea wapi? Anayezitafuta kwa makini hukutana na milima mirefu kuliko yote duniani, na mtaalamu wa hali ya hewa aliyeandika ugunduzi wake kwa lugha ambayo wenzake wengi hawakuisoma, na maputo ya karatasi yaliyobeba mabomu kuvuka bahari. Hukutana pia na siasa, kama kawaida.

Tuanze na umbali wenyewe, maana hata huo una ujanja wake.

Kutoka uwanja wa Indira Gandhi wa Delhi hadi uwanja wa Haneda wa Tokyo ni kilomita 5,860 hivi. Hesabu hiyo hupigwa kwa kufuata mviringo wa dunia: ukichukua tufe la shuleni, ukakaza uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, uzi utajilaza wenyewe kwenye njia fupi kuliko zote. Kwenye ramani ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini, na wengi hudhani mchoraji alikosea. Kutoka Delhi uzi hauendi mashariki moja kwa moja. Unapanda kaskazini-mashariki, unavuka Himalaya, unakatiza uwanda wa juu wa Tibet na jimbo la Qinghai, unafika Shandong, unavuka Bahari ya Njano na Korea Kusini, ndipo unateremkia Japani.

Ndege za abiria za Delhi na Tokyo kwa kawaida haziufuati uzi huo. Mtu atasema ni kwa sababu ya urefu wa milima, lakini Everest yenye mita 8,849 haifiki pale ndege kubwa zinapopita, kati ya mita 10,000 na 12,000. Tatizo liko chini ya milima hiyo, au tuseme liko kwenye ardhi iliyo nyuma yake.

Hewa ya mita 11,000 haimfai binadamu, ndiyo maana ndege hushindilia hewa ndani yake. Ikitokea tundu au hitilafu na hewa ikavuja, barakoa za oksijeni huanguka mbele ya kila kiti. Yule mhudumu anayeonyesha namna ya kuivaa kabla ya kuruka hasemi jambo moja: katika ndege nyingi oksijeni hiyo hutengenezwa papo hapo na kopo dogo la kemikali lililo juu ya kichwa cha abiria, na kopo hilo hudumu takriban robo saa. Linatosha, kwa sababu katika muda huo rubani anatakiwa awe ameishusha ndege hadi mita 3,000, ambako mtu hupumua bila msaada. Juu ya bahari au juu ya nyanda za China ya mashariki kazi hiyo ni ya dakika chache. Juu ya Tibet mita 3,000 hazipo. Ardhi yenyewe, kwa wastani, iko juu ya mita 4,500, na inaendelea hivyo kwa mamia ya kilomita. Rubani angeshuka na kukuta mwamba kabla ya kukuta hewa.

Ndege zinazohudumia Lhasa, ambako uwanja wenyewe umejengwa mita zaidi ya 3,500 juu ya usawa wa bahari, hubeba akiba kubwa zaidi ya oksijeni. Kuna njia za angani zilizopimwa magharibi mwa China kwa ajili ya ndege zilizoandaliwa namna hiyo. Shirika lenye ndege ya kawaida huona ni nafuu kuzunguka.

Basi aghalabu ndege hutoka Delhi ikifuata bonde la Ganges, Himalaya ikibaki kushoto. Hupita juu ya Bangladesh au majimbo ya kaskazini-mashariki mwa India, ikavuka kaskazini mwa Myanmar, ikaingia Yunnan karibu na Kunming, ikakata kusini mwa China hadi pwani ya Shanghai, kisha Bahari ya China Mashariki na visiwa vya Japani. Mzunguko huo huongeza kilomita mia kadhaa juu ya zile 5,860. Katika usiku mmoja abiria aliyelala amepita juu ya nchi ambazo hata saa zao hazipatani: Delhi iko saa 5 na nusu mbele ya saa ya Greenwich, Dhaka saa 6, Yangon saa 6 na nusu, China nzima saa 8, Tokyo 9. China, ambayo kwa upana wake ingeweza kuwa na kanda tano za saa, imetumia saa moja tu ya Beijing tangu 1949.

Kipande cha njia kati ya Assam na Kunming kina historia nzito kuliko vingine vyote. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliikata barabara ya Burma iliyokuwa ikipeleka shehena China, na washirika wa vita wakaamua kuipitisha angani. Kwa miaka mitatu ndege za mizigo ziliruka kutoka viwanja vya Assam kama Chabua hadi Kunming, mwendo wa kilomita 800 hivi, juu ya matuta ya mashariki ya Himalaya. Zilivusha takriban tani 650,000 za mafuta, silaha na vifaa. Ndege karibu 600 zilipotea. Marubani walisema siku ya jua waliweza kuifuata njia kwa kutazama mabati ya ndege za wenzao yaking'aa kwenye miteremko. Wengi wao hawakuangushwa na adui. Waliangushwa na barafu juu ya mbawa, mawingu, na upepo ambao hakuna aliyewaonya habari zake: ndege iliyotoka Assam ilisukumwa mbali kabisa na njia, na ile iliyotoka Kunming ilipambana nao hadi mafuta yakaisha.

Upepo huohuo ndio unaoiba saa mbili za abiria wa leo.

Aliyeupima vizuri mapema alikuwa Wasaburo Oishi, mkurugenzi wa kituo cha kupima hewa ya juu kilichofunguliwa Tateno, kaskazini-mashariki mwa Tokyo, mwaka 1920. Chombo chake kilikuwa puto. Wasaidizi wake waliliachia puto lililojazwa gesi nyepesi, kisha mtu akaweka jicho kwenye darubini ya kupimia pembe na kulifuata hadi likapotea. Kwa kuwa kasi ya puto kupanda ilijulikana, pembe za darubini zilitosha kueleza upepo wa kila kimo ulikuwa unaelekea wapi na kwa kasi gani. Ni kazi inayotaka anga safi na subira, na wakati wa baridi anga la Tateno huwa safi. Kuanzia Machi 1923 hadi Februari 1925 kituo kilifanya vipimo 1,288. Tarehe 2 Desemba 1924 puto lilifika kimo cha kilomita 9 na kuonyesha upepo wa mita 72 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 260 kwa saa. Upepo wa namna hiyo ukivuma ardhini hung'oa mapaa ya mji mzima. Pale juu ulikuwa ukivuma kimya, na haukuwa wa siku moja: majira ya baridi ulikuwepo karibu kila walipotazama.

Oishi alitaka dunia ijue. Mwaka 1926 alichapisha ripoti yake ya kwanza, na hakuiandika kwa Kijapani wala kwa Kiingereza. Aliiandika kwa Kiesperanto, ile lugha iliyobuniwa ili iwe ya mataifa yote, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wa watetezi wake Japani. Aliendelea kutoa ripoti kwa lugha hiyo hadi wakati wa vita. Nia yake ilikuwa njema, na si haki kumcheka. Lakini matokeo yake ni kwamba ugunduzi mkubwa wa sayansi ya anga ulikaa kwenye rafu za maktaba, ukiwa wazi kwa mtu yeyote, na makao makuu ya jeshi la anga la Marekani hayakuwa na habari nao.

Bei ya kutojua ilionekana tarehe 24 Novemba 1944. Ndege 111 za aina ya B-29 ziliruka kutoka visiwa vya Mariana kwenda kukipiga kiwanda cha injini cha Nakajima kule Musashino, pembezoni mwa Tokyo. Zilipogeuka kuelekea lengo kutoka magharibi, kwenye kimo cha kilomita 9, upepo ulizibeba kwa nguvu hata vifaa vya kulengea mabomu vikashindwa kuendana na kasi ya ardhi iliyokuwa ikipita chini. Ni ndege 24 tu zilizofanikiwa kuangusha mabomu kwenye lengo lililokusudiwa. Katika miezi iliyofuata marubani waliojaribu kuukabili upepo huo uso kwa uso walijikuta karibu wamesimama juu ya mizinga ya adui.

Wajapani wao walikuwa wanaujua. Mtaalamu Hidetoshi Arakawa alitumia vipimo vya upepo wa juu kukadiria puto lingechukua siku ngapi kuvuka Pasifiki: tatu hivi. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 jeshi liliachia maputo takriban 9,300 yakiwa na mabomu, yaelekee Amerika yenyewe, bila rubani wala injini. Yalitengenezwa kwa karatasi ya mforosadi iliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya kiazi kiitwacho konnyaku, na kazi kubwa ilifanywa na wasichana wa shule. Puto likishuka usiku kwa baridi, kifaa cha kupima kimo kiliangusha mfuko wa mchanga ili lipande tena. Wamarekani walipookota mifuko hiyo, wataalamu wao wa miamba waliuchunguza ule mchanga kwa hadubini, wakatazama vigamba vya viumbe vya bahari vilivyomo, na kukadiria ulichotwa katika ufuko gani wa Japani. Maputo mia tatu hivi ndiyo yaliyoonekana au kupatikana upande wa pili. Moja liliua: tarehe 5 Mei 1945, karibu na Bly katika jimbo la Oregon, mama mjamzito na watoto watano waliokwenda matembezi msituni walilikuta chini, nalo likalipuka.

Baada ya vita upepo huo ulipewa nafasi yake katika sayansi, na mashirika ya ndege yakajifunza kuutumia. Kinachotokea ni hiki. Joto la kitropiki na baridi ya kaskazini hukutana juu ya Asia, na tofauti hiyo, pamoja na mzunguko wa dunia, huzaa mkondo mwembamba wa upepo unaokimbia kutoka magharibi. Wakati wa baridi mkondo wa nchi za joto hupita kusini mwa Himalaya, karibu kabisa na njia ya ndege ya Delhi, kisha juu ya Japani huungana na ule wa kaskazini. Mahali hapo, mwezi Januari, ni miongoni mwa penye upepo mkali wa juu kuliko pote duniani. Kilomita 300 kwa saa si habari ya kushangaza.

Kwa rubani wa kwenda Tokyo hiyo ni neema. Ndege yake hukata hewa kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa. Ikiwa hewa yenyewe inakwenda mashariki kwa kilomita 150, ardhi inaachwa nyuma kwa kilomita 1,050. Akirudi, upepo uleule ni wa mbisho, na ndege iliyokata hewa kwa kilomita 900 inasogea 750 tu.

Hapo kuna hesabu ndogo ambayo wengi huikosea. Mtu hudhani kwamba kinachopatikana wakati wa kwenda kinalipwa wakati wa kurudi, hivyo mambo yanakuwa sawa. Chukua njia ya kilomita 6,000. Bila upepo, kwenda ni saa 6 na dakika 40, kurudi vilevile, jumla saa 13 na dakika 20. Kwa upepo wa kilomita 150, kwenda ni saa 5 na dakika 43, na kurudi ni saa 8 kamili. Jumla ni saa 13 na dakika 43. Upepo umekula dakika 23 na haukurudisha. Sababu ni rahisi: ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya ule unaoisukuma. Shirika linalolipia mafuta linaijua hesabu hiyo. Ndege ya kutoka Tokyo hubeba mafuta mengi zaidi, na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kazi ya kuyabeba mafuta yenyewe. Ndiyo maana waandaaji wa safari hukaa kila siku na ramani za upepo: kwa kwenda wanaitafuta katikati ya mkondo, kwa kurudi wanaukwepa, hata ikibidi kupita njia ndefu zaidi kwa kilomita. Njia fupi kwa kilomita si lazima iwe fupi kwa saa.

Mkondo una hatari zake pia. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya shirika la BOAC iliyotoka Haneda kwenda Hong Kong ilipita karibu na mlima Fuji siku ya jua kali na upepo mkali kutoka upande wa mlima. Upepo ukivuka kilele hutengeneza mawimbi ya hewa yasiyoonekana nyuma yake, na ndege iliingia humo. Ilivunjika angani, na watu wote 124 waliokuwemo walikufa. Kamera ya filamu ya abiria mmoja iliokotwa kwenye mabaki. Picha zake za mwisho ziliwasaidia wachunguzi kuelewa nguvu iliyoipiga ndege.

Inapofika Juni kila kitu husogea. Uwanda wa Tibet ukishapata jua la kutosha, mkondo ule huhama kutoka kusini mwa Himalaya na kwenda kupita kaskazini yake, na karibu wakati huohuo mvua za masika ya India hupanda kuelekea Delhi. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Zanzibar anakijua kipande cha mwanzo cha mashine hiyo kwa jina la kusi. Upepo unaovuma pwani ya Afrika Mashariki miezi hiyo huvuka ikweta, hupinda juu ya bahari ya Uarabuni na kuingia India ukiwa umejaa maji. Katika miaka ya 1960 mtaalamu J. Findlater alitumia vipimo vya upepo vya Kenya kuonyesha kwamba ndani ya kusi nako kuna mkondo wa kasi, ila huu hupita chini, kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi. Mkondo wa juu ukishahama, ndege ya Delhi na Tokyo hupoteza sehemu ya msukumo wake na pia sehemu ya kizuizi chake. Kwenda kunakuwa kwa polepole kidogo, kurudi kunakuwa kwa haraka zaidi, na pengo linapungua.

Mtu wa 1937 angecheka akisikia malalamiko juu ya saa mbili. Mwezi Aprili mwaka huo Wajapani wawili, Masaaki Iinuma na Kenji Tsukagoshi, waliipeleka ndege ya gazeti la Asahi kutoka Tokyo hadi London kwa jumla ya zaidi ya saa 94, kati ya hizo 51 zikiwa hewani, wakitua Taipei, Hanoi, Calcutta na Karachi miongoni mwa vituo vingine. Dunia iliwashangilia. Mwaka 1955 Air India ilianza kwenda Tokyo kwa ndege za Super Constellation za injini za pangaboi, zikitua Bangkok na Hong Kong njiani. Ndege hizo ziliruka chini kuliko za leo na zilihitaji mafuta mara kwa mara. Zilipokuja za jeti, kwanza vituo vilipungua, kisha vikaisha.

Milima na upepo vina tabia moja nzuri: havibadiliki kwa tangazo la serikali. Mipaka hubadilika. Mfano mzuri uko upande wa pili wa Delhi. Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, uko chini ya kilomita 1,600 kutoka Delhi, karibu robo tu ya umbali wa Tokyo, na safari yake ya kawaida ni ya saa 3 hivi. Tarehe 24 Aprili 2025, baada ya shambulio dhidi ya watalii huko Pahalgam katika Kashmir, Pakistan ililifunga anga lake kwa ndege za India, na India ikajibu kwa kufunga lake siku chache baadaye. Njia fupi ya Tashkent, na ile ya Almaty katika Kazakhstan, hupita juu ya Pakistan. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu kupita uwezo wa ndege ndogo za shirika la India la IndiGo, nalo likasimamisha safari za miji yote miwili kabla mwezi haujaisha. Tokyo, iliyo mbali mara tatu na zaidi, ikabaki karibu. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2019 Pakistan ilikuwa imelifunga anga lake kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Julai.

Upande wa mashariki nako kulikuwa na kituko chake. Kuanzia 2020, kwanza kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 na kisha kwa ugomvi wa mpaka wa Ladakh, hapakuwa na safari za moja kwa moja za abiria kati ya miji ya India na ile ya China bara. Zilirejea Oktoba 2025. Kwa miaka mitano mfanyabiashara wa Delhi mwenye shughuli Shanghai alilazimika kupitia Bangkok, Singapore au Hong Kong, akatumia siku nzima kwa safari ya mji ulio karibu kuliko Tokyo.

Baki ya muda hupotelea ardhini, na mashirika hayapendi kuizungumzia. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inaposukumwa kutoka mlangoni na kwisha inapoegeshwa, kwa hiyo foleni ya kuruka na mwendo wa kutambaa baada ya kutua vimo ndani, pamoja na dakika za akiba ili shirika lisionekane limechelewa. Delhi ina balaa lake, ukungu. Desemba na Januari hewa baridi hutuama kwenye bonde la Ganges, moshi wa mji ukachanganyika nayo, na alfajiri nyingine njia ya kurukia haionekani. Ndege zisizo na vifaa, au zenye marubani wasio na cheti cha kutua katika hali hiyo, hupelekwa Jaipur au Lucknow kusubiri jua.

Tokyo ina viwanja viwili, na anayekata tiketi bila kutazama hujutia. Haneda imejengwa juu ya ghuba, sehemu kubwa kwa ardhi iliyojazwa, na iko kilomita 15 hivi kutoka katikati ya mji. Narita iko kilomita 60. Iliamuliwa kujengwa huko mwaka 1966, juu ya mashamba ya Sanrizuka, na wakulima wakagoma kuhama. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walijiunga nao, na mapambano na polisi yakaendelea kwa miaka. Tarehe 26 Machi 1978, siku nne kabla ya siku iliyopangwa ya ufunguzi, kundi la wanaharakati liliingia mnara wa kuongozea ndege na kuvunja mitambo yake. Uwanja ukafunguliwa Mei 20 chini ya ulinzi mkali. Kwa miaka zaidi ya 30 karibu safari zote za kimataifa za Tokyo zilipitia huko, hadi Haneda ilipopewa jengo jipya la kimataifa na njia ya nne ya kurukia mwaka 2010. Tofauti ya viwanja hivyo viwili kwa treni yaweza kukaribia saa nzima, yaani nusu ya kile ambacho upepo huchukua angani.

Kwa hiyo anayepanga safari hii aangalie mambo matatu kabla ya kulipa: ni mwezi gani, anaelekea upande gani, na anatua uwanja upi. Mashirika hubadili ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na muda ulioandikwa kwenye ratiba ya kiangazi usitumiwe kupangia safari ya Januari. Mwenye kutoka Tokyo katika miezi ya baridi na kuunganisha ndege nyingine Delhi, hasa ile ya usiku wa manane au ya alfajiri wakati wa ukungu, asikubali tiketi inayompa saa moja na nusu ya kusubiri. Achukue yenye saa nne.